Daftari la Boila na Moto wa Mama

Kila ninapomsikia mtu wa viatu safi akisema kwamba nishati mpya imekuja kumkomboa mama wa kijijini, natamani nimshike mkono, nimpeleke kwenye chumba cha boila cha kile kiwanda nilichofanyia kazi Njombe, nimkalishe kwenye benchi na kumwambia afunge mdomo mwaka mmoja. Mwaka mmoja tu. Aangalie moto unavyotunzwa. Akimaliza, aende akamkomboe mama yeyote anayemtaka.

Sisemi hivi kwa roho mbaya, ingawa wapo watu kijijini kwetu Yakobi watakaokuambia ninayo. Nimeona mambo mawili kwa macho yangu. Nimeona watu wa kemikali wakijifunza kuwasha moto, na nimeona watu wa nishati wakifundisha wenzao kuwasha moto. Wa kwanza walichukua miaka mingi. Wa pili walichukua semina ya siku tatu, pamoja na chai na maandazi.

Kilikuwa kiwanda cha kukamua magome ya miwati. Miwati ni ile miti iliyopandwa kilima baada ya kilima, ambayo ikichanua mji mzima unapiga chafya. Magome yake yakichemshwa hutoa maji mekundu, na maji hayo yakikaushwa huwa unga wa kutengenezea ngozi. Unga ulitiwa kwenye magunia, ukapanda lori hadi stesheni ya Makambako, ukaenda huko viatu vinakoshonwa. Sisi tulibaki na harufu yake kwenye nywele.

Mimi nilikuwa msichana wa maabara. Cheo kilisikika kikubwa, hata mama alikitaja kanisani bila kuulizwa. Kazi yenyewe ilikuwa kuchota maji mekundu kwenye matangi, kuyapoza, kutumbukiza ndani yake kipimo cha kioo kinachoelea, na kuandika kimezama mpaka mstari gani. Matangi yalipangwa safu moja, na mpango wake ulikuwa na akili ninayoiheshimu mpaka leo kuliko hotuba zote nilizowahi kusikia. Maji mapya yalianzia kwenye magome yaliyochoka, yale yaliyokwisha kuchemshwa mara nyingi, kwa sababu maji mapya yana njaa na hula hata makombo. Kisha yalisogezwa tangi kwa tangi, yakizidi kushiba, mpaka yakafika kwenye magome mabichi. Hakuna kilichotupwa kikiwa bado na kitu ndani.

Na hata magome yaliyokamuliwa mpaka yakaisha hayakutupwa. Yalikwenda kwenye boila, yakaungua, yakatoa mvuke wa kuchemshia magome mengine, na mvuke huohuo ukazungusha mtambo wa umeme. Nyumba za wafanyakazi ziliwaka taa kwa takataka za kiwanda, wakati sehemu kubwa ya mji ikitafuta mafuta ya taa kwa foleni. Wageni waliokuja kutembea walidhani mzungu mmoja mwenye akili nyingi alikaa mezani siku moja akachora yote hayo. Tulicheka sana wakishaondoka.

Aliyejua ukweli alikuwa msimamizi wa boila, Mkinga mmoja mfupi ambaye nyusi zake ziliungua zamani na hazikurudi tena. Tulimwita Mzee wa Boila. Alinisimulia kwamba mwanzoni magome yaliyokamuliwa yalirundikwa nyuma ya kiwanda mpaka yakawa kilima, kwa sababu yalikuwa na maji kama nguo iliyotoka mtoni na yalizima kila moto. Wakajaribu kuchanganya kikapu kimoja na kuni. Yakazima. Wakayakausha kidogo juani, wakajaribu kikapu kimoja tena. Wakayabana maji. Wakabadilisha nafasi za vyuma vya tanuri, kwanza upande mmoja tu, upande wa pili wakauacha vilevile ili waone tofauti. Msimu ukapita, mwingine ukapita. Nyusi zake ziliondoka katika jaribio mojawapo.

"Moto hausomi mchoro, binti yangu," aliniambia. "Ukibadilisha mambo mawili kwa siku moja, kesho hujui la kushukuru wala la kulaumu."

Ukutani mwa chumba chake, kwenye msumari, lilining'inia daftari kubwa, kaunta buku lililofungwa kamba ili lisitembee. Hilo lilikuwa daftari la makosa. Kanuni yake ilikuwa moja: aliyekosea anaandika mwenyewe, kwa mkono wake, kabla ya kutoka zamu. Anaandika alichofanya na alichokiona baada ya hapo. Aliyeandika hakufukuzwa. Aliyeficha akagundulika, aliondoka na mfuko wake siku ileile. Nakumbuka maandishi ya fundi mmoja: "Nimesahau kufunga tangi la nne. Maji mekundu yamekwenda mtoni. Nilikuwa nawaza harusi." Mzee wa Boila alisoma, akacheka, kisha akaenda kufunga kengele ndogo kwenye tangi la nne.

Mimi mwenyewe niliandika humo mwezi wangu wa pili kazini. Nilivunja kipimo cha kioo, nikasema kimekuja kimevunjika. Usiku sikulala, asubuhi nikaenda kuandika: "Nilikivunja mimi. Nilisema uongo." Mzee alisoma, akanipa kipimo kingine. Siku hiyo nilijiona nimekuwa mtu wa kiwanda.

Basi hilo ndilo somo ambalo watu wa nishati wangejifunza kwa watu wa kemikali, kama wangekuwa na masikio. Anza na kikapu kimoja. Badilisha kitu kimoja. Ukiharibu, sema, tena sema mapema, kabla ya wengine kuanza kupiga ramli. Somo hilo halihitaji utepe wa kukata.

Ikaja miaka ya ruksa. Maduka yakajaa sabuni za rangi zote, mitumba ikashuka Makambako kwa marobota, na pamoja na mitumba wakashuka wataalamu. Kila Land Cruiser nyeupe iliyopita barabara ya Songea ilikuwa na mtu ndani aliyejua tatizo letu. Mmoja wao aliletwa Yakobi, kijana wa Kitanzania aliyesoma nje, na tatizo letu alilolijua yeye lilikuwa kuni. Dawa yake ilikuwa gesi ya samadi. Mavi ya ng'ombe yatatiwa kwenye shimo kubwa lililojengwa kwa saruji na kufunikwa kwa kuba, yatachacha humo, yatatoa gesi, gesi itapita kwenye bomba hadi jikoni. Moto wa bluu, usio na moshi.

Nisiseme uongo: kwa hilo alikuwa sahihi. Na mimi nililitaka kuliko mtu yeyote, kwa sababu ya mama. Mama yangu alikuwa mjane, alikaa Yakobi na ng'ombe wake wawili wa maziwa, na macho yake yalikuwa yameharibiwa na moshi. Njombe ni baridi. Jiko halizimwi, mlango haufunguliwi, na kuni za msimu wa mvua zinafuka kuliko zinavyowaka. Kila Jumamosi nilipomtembelea nilimkuta akijifuta machozi kwa pindo la kitenge, na hakuwa analia.

Mchoro wa mtaalamu ulitaka shimo liwe chini ya zizi, karibu na maji, penye udongo laini. Kwa mama, mahali hapo palikuwa na mianzi ya ulanzi, ile pombe inayotoka kwenye mwanzi wenyewe. Mianzi hiyo alianza kuigema akiwa bibi harusi. Kila masika alishuka bondeni asubuhi na jioni, akakata ncha kidogo, akatega mbeta yake, kile kipande cha mwanzi kinachokinga maji, na ulanzi ule ndio ulionisomesha mimi mpaka kidato cha nne. Mwenyekiti wa kamati ya mradi, mzee wa kanisa, alifurahi sana kusikia mianzi itakatwa. Alisema ni njia ya Mungu ya kuondoa pombe kijijini. Koo lake lilikuwa linaijua njia ya kwenda bondeni kwetu vizuri kabisa, lakini hayo tuyaache.

Mama alisita. "Umeuona moto huo kwa macho yako?" aliniuliza.

"Mama, hiyo teknolojia imethibitishwa," nilimjibu.

Ndiyo, mimi. Mimi niliyekula mshahara wa kiwanda ambako hakuna kilichothibitishwa mpaka kiungue mbele ya Mzee wa Boila. Mama akajifuta macho kwa pindo la kitenge. "Haya. Wewe ndiye uliyesoma," akasema. Aliomba jambo moja tu, kwamba wasubiri masika yapite ili ageme mara ya mwisho. Mtaalamu akasema haiwezekani, mwaka wa fedha wa wafadhili unafungwa. Mianzi ikakatwa yote mwezi wa kumi na moja, ikiwa karibu kuanza kutoa.

Mimi nilitumwa Makambako kufuata mabomba na koki. Mwenye duka alikuwa Mwislamu aliyehamia kutoka Kondoa, msafirishaji, mtu wa maneno machache na malori matatu. Alinikaribisha kahawa, akaangalia orodha yangu, akauliza mtambo unahudumia majiko mangapi. Nikamwambia mtaa mzima.

"Mmeshajenga mwingine kabla ya huu?"

"Hapana."

"Hata mdogo? Wa pipa moja?"

"Mtaalamu anasema kidogo hakileti tija."

Alicheka, lakini si kwa dharau. "Dada yangu, mimi nikileta bidhaa mpya Makambako, naleta katoni moja. Nakaa dukani naangalia nani anashika, nani anauliza, nani anarudisha. Ikikubalika naleta lori. Ningeanza na lori, leo ungenikuta naosha vyombo hotelini." Akanifungia mabomba.

Nilirudi na maneno hayo nikamweleza mtaalamu. Nilimwambia pia habari za magome na vikapu, na kwamba Yakobi mwezi wa sita na wa saba kuna sakitu, majani yanaamka meupe, na kitu chochote kinachochacha hulala kwa baridi. Akaniuliza nina shahada ya nini. Sikuwa nayo hata moja. Debe tupu haliachi kuvuma, nilijisemea, na nilijipongeza sana kwa kulijua hilo, nikabaki kimya.

Shimo likajengwa. Ilituchukua wiki nyingi kulijaza, majirani wakileta mavi kwa ndoo na kwa toroli, na wazee wakisema hawajawahi kuona mavi yakipokelewa kwa kuandikishwa majina. Mwezi wa tano mtaalamu akafungua koki jikoni kwa mama, jiko lililokuwa karibu kuliko yote, akawasha kiberiti.

Uliwaka. Mdogo, mwembamba, wa bluu, ukitetemeka, lakini uliwaka. Mama aliweka sufuria ya maji, akavuta kigoda, akakaa kuutazama. Maji yalichukua muda mrefu kuchemka. Chumba kilikuwa cheupe, unaona mpaka masizi ya zamani darini. Nilimwona mama akigeuza macho huku na huku jikoni mwake, ambamo hajawahi kuona vizuri, na alikuwa anatabasamu. Nilisikia fahari ambayo sijawahi kuisikia tena.

Baridi ilipoingia, moto ulipungua kama nilivyotabiri, nami nilitangaza utabiri wangu kwa kila aliyesimama. Lakini haukuzima. Mama alikuwa amejifunza mwenyewe. Aliagiza tundu la kuingizia mavi lifunikwe kwa majani makavu usiku, na mavi yachanganywe na maji ya vuguvugu asubuhi. Alisema ndivyo pombe ya mahindi inavyolelewa wakati wa sakitu, na haoni kwa nini mavi yawe na kiburi kuliko mahindi. Chai ya asubuhi na mboga ya jioni alizipika kwa gesi. Majirani walikuwa bado wanasubiri zamu yao.

Kisha ikatangazwa kwamba wafadhili watakuja kuzindua. Walikuwa wanakuja mwezi wa saba kwa sababu huko kwao ndio likizo. Hapo ndipo tulipofanya jambo ambalo nadhani lingefanywa na watu wa huku tu. Huku kwetu mgeni hakuti uchafu. Unaweza kulala njaa, lakini uwanja utafagiliwa mpaka ardhi ing'ae, ukuta utapakwa udongo mpya, na hata kuku atasukumwa nyuma ya nyumba asionekane anavyoishi. Sasa wageni walikuwa wanakuja kuona mtambo wa mavi, na sisi tukaanza kuondoa mavi.

Siku moja kabla, wanawake wa mtaa mzima walikuja kwa mama na mifagio. Zizi lilisuguliwa. Ng'ombe waliogeshwa. Lakini harufu ilibaki, na harufu ile ilinitia aibu mimi kuliko wote, maana nilikuwa msichana wa maabara, na ningesimama pale kutafsiri. Nilikuwa nimekuja na dumu kutoka kiwandani, dawa nyeusi ya kuulia vijidudu tuliyokuwa tunamwagia vyooni. Wakati huo kiwanda kilikuwa kwenye mazungumzo ya kubadilisha wamiliki, na stoo ilikuwa inatoa kila kitu kwa kila mtu. Niliimimina mwenyewe kwenye ndoo za maji. Ile dawa ikigusa maji hugeuka nyeupe kama maziwa. Nilimwaga ndoo baada ya ndoo kwenye sakafu ya zizi, nikasukuma kwa fagio, na maji yale meupe yakateremka kwenye mfereji wa saruji, yakaingia yote shimoni. Zizi likanukia hospitali. Nilisimama nikalitazama, nikaridhika.

Uzinduzi ulifana. Mzee wa kanisa aliomba dua ndefu iliyoanzia kwenye uumbaji. Mgeni mmoja alikata utepe, mtaalamu akafungua koki, moto ukaruka wa bluu mzuri kuliko siku zote, kwa kuwa gesi ilikuwa imekusanyika ndani ya kuba tangu juzi bila kuguswa. Walipiga makofi. Walimpiga mama picha ameshika sufuria tupu. Halafu wakapanda magari yao wakaenda kula Makambako, kwa sababu waliogopa maziwa yetu.

Siku ya tatu moto ulikuwa nusu. Siku ya tano ulikuwa unaruka na kukohoa. Siku ya nane mama alifungua koki, akaleta kiberiti, kiberiti kikaungua mpaka kwenye vidole vyake.

Ikaitwa kamati. Ningependa mngekuwepo. Mtaalamu alisema wanawake wametia maji mengi kupita kiasi. Mwenyekiti alisema labda ng'ombe wa mama wanakula majani yasiyofaa, kisha akadokeza kwamba ardhi iliyozoea pombe ina mambo yake. Fundi mwashi alisema kuba haliwezi kuwa na ufa kwa sababu alilijenga yeye. Mimi niliandika ripoti. Nilieleza baridi, ukubwa wa mtambo, mchoro uliotoka nchi ya joto, kutokuwepo kwa jaribio dogo, na mianzi iliyokatwa kabla ya wakati. Ilikuwa ripoti nzuri, yenye makali, na kila sentensi yake ilikuwa kweli. Watu waliisoma wakasema huyu binti anajua kusema.

Asubuhi ya siku iliyofuata nilikwenda kwenye tundu la kuingizia mavi, nikafunua majani, nikainama. Palinuka choo cha kiwandani.

Nilijua palepale. Sikuhitaji kipimo cha kioo. Kinachotoa gesi shimoni ni vijidudu hai, kama vile kinachochachusha pombe, na mimi nilikuwa nimemwaga juu yao dumu zima la dawa iliyoandikwa ubavuni kwamba inaua vijidudu. Nilirudisha majani kama yalivyokuwa. Niliosha mikono mara mbili.

Jumatatu nilimfuata Mzee wa Boila. Nilimsalimu shikamoo, akaitika, nikamweleza kwamba moto wa mama umezima na kwamba wajinga wale wameuzima. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali lake, lilelile alilouliza kila siku kwa miaka yote.

"Tangu siku ya mwisho ulipowaka vizuri, nani aligusa nini?"

"Hakuna, mzee."

Alinitazama kwa macho yake yasiyo na nyusi. Nyuma yake daftari lilikuwa kwenye msumari.

"Basi kama hakuna aliyegusa," akasema, "utarudi wenyewe."

Haukurudi. Mtaalamu na mafundi wake walikaa Yakobi mwezi mwingine mmoja, wakibadilisha mabomba, kisha mradi ukafungwa. Kiwandani wakaja wakubwa wapya, wakapunguza watu, Mzee wa Boila akiwa wa kwanza, na daftari la makosa likaondolewa. Mahali pake zikaletwa fomu zilizochapwa, ambazo msimamizi anajaza sababu ya hasara na kutia sahihi. Nilizidharau fomu zile. Katika miaka yote niliyozijaza sikuwahi kuona moja iliyosema "nilikuwa nawaza harusi." Mkuu alikuwa hakosei, mashine ndiyo ilikuwa inakosea, au mvua, au msambazaji.

Shimo la Yakobi likawa la kukinga maji ya mvua. Mama alirudi kwenye mafiga. Mimi nikawa mtu wa kualikwa kwenye mikutano kusema ukweli kuhusu miradi, kwa kuwa nilikuwa na ulimi. Niliwatania watu wa majiko ya udongo, nikawachachafya watu wa taa za jua, na kila mara nilitoa mfano wa Yakobi. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nimeketi juu ya langu kwa raha kabisa.

Miaka ikapita. Jumamosi moja ya masika nilikuwa jikoni kwa mama, nimetoka mkutanoni mjini, bado nina moto. Nilikuwa namweleza jinsi nilivyomuumbua mtaalamu mwingine mbele za watu, nikamwambia hawa wote hawajawahi kukubali kosa hata siku moja. Moshi ulikuwa umeshuka mpaka magotini. Mama alikuwa anapepeta mchele kwa kupapasa, kwa maana jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kufa na la kulia liliona kivuli tu.

"Na ile dawa ya maziwa," akasema taratibu, "mliiandika kwenye lile daftari lenu?"

Sikuelewa mara moja. Au nilielewa, sikutaka.

"Dawa gani, mama?"

"Uliyomwaga zizini. Ya chooni."

Nikamuuliza alijua lini.

"Siku ya pili yake. Mimi nimegema ulanzi tangu msichana, mwanangu. Mbeta haioshwi kwa sabuni. Ukiiosha kwa sabuni, ulanzi unakaa humo umekufa, hauchachi. Niliposikia ile harufu kwenye tundu nilijua wale wa kuchachusha wameshakufa."

"Kwa nini hukusema? Kwa nini hukuwaambia kamati?"

Akaacha kupepeta. "Ningesema nini? Nimtaje mwanangu mbele ya wageni, wakati mimi ndiye niliyemsifu kanisani? Nilingoja useme wewe. Mafundi walikuwepo hapa mwezi mzima, wamekaa wanapaka rangi mabomba. Nilihesabu siku. Nikasema leo atasema, tutalichota lile shimo, majirani watanipa mavi mapya, tutaanza tena kidogokidogo na maji ya vuguvugu. Kila Jumamosi ulipokuja nilikuwekea kigoda hapo." Akaonyesha kigoda nilichokikalia. "Ukawa unakuja kuwasema wenzako."

Nikainuka kwenye kigoda. Nikasema, "Nisamehe, mama," na sauti yangu ilikuwa ya yule msichana wa kipimo cha kioo.

"Nilikwisha kusamehe zamani," akasema. "Lakini mianzi ilikuwa mizuri."

Kisha akaweka ungo chini, akapapasa mpaka akalipata figa la mbele, akainama kupuliza moto. Kuni zilikuwa mbichi. Nilimwambia aniachie nipulize mimi, akasogea, na moshi ukaniingia machoni wote.